Kuna Mgonjwa Humu?

Katikati ya Aprili 2023, kwenye foleni ya abiria wa meli ya usiku bandarini Bukoba, nilimeza vidonge viwili vya Panadol bila maji. Mbele yangu walikuwa wamebaki watu kama ishirini. Mwisho wa foleni alisimama muuguzi aliyevaa barakoa na glavu, mkononi ameshika kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Kila abiria alisimama, akaelekezewa, akaambiwa apite. Mimi nilikuwa nahisi baridi ya kwenye mifupa tangu Kyaka, ndani ya basi lililofungwa madirisha yote. Nilijua kipimajoto kile kingesema nini. Nikampisha kaka aliyekuwa nyuma yangu, nikajifanya naongea na simu. Nikampisha mwingine, na mwingine. Nusu saa baadaye jasho lilianza kunitoka, mwili ukapoa kidogo, nikasogea.

"Pita, dada."

Nikapita.

Ili uelewe nilichokuwa nakifanya, kumbuka hali ya mkoa wetu wakati ule. Tarehe 21 Machi serikali ilikuwa imetangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba. Marburg ni ndugu wa Ebola. Huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na dalili zake za mwanzo ni homa, kuumwa kichwa na uchovu, dalili zile zile za malaria tuliyoizoea. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa amesafiri kutoka Goziba, kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria. Hadi mlipuko unakwisha walihesabiwa wagonjwa 9, wakafa 6, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21, maana virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini muda wote huo kabla ya homa kuanza.

Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa natoka Bugomora, wilaya ya Kyerwa, mwendo wa saa kadhaa kutoka vijiji vilivyoathirika, kwenye arobaini ya bibi yangu. Sikuwa nimemgusa mgonjwa yeyote. Nilikuwa nimelala usiku nne chini ya chandarua kilichotoboka, na akili yangu yote iliniambia kwamba hii ni malaria. Lakini hakuna aliyekuwa amenipima, na Jumatatu nilitakiwa niwe Dar es Salaam kutetea pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili. Pendekezo lenyewe lilihusu karantini ya majahazi Zanzibar.

Unaweza kucheka. Mimi nilishacheka, nikamaliza, ndipo nikaanza kuandika.

*

Mto Kagera unaotutenganisha na Uganda huingia Ziwa Victoria, na maji yake hushika njia ya Mto Nile mpaka Bahari ya Mediterania. Karantini ilizaliwa kwenye bandari za bahari hiyo. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wanaotoka sehemu zenye tauni wasiingie mjini kabla ya kukaa siku 30 nje. Baadaye siku ziliongezwa zikafika 40, na kutoka kwenye neno la Kiitaliano la arobaini tukapata karantini. Venice nayo, mwaka 1423, ilitenga kisiwa kizima kwa wagonjwa wa tauni.

Wakati ule hakuna aliyejua habari za bakteria. Arobaini ilikuwa hesabu ya dini, ya Kwaresima na ya mvua za Nuhu. Sisi pia tunayo. Mzazi hukaa arobaini ndipo atoke na mtoto. Mfiwa hungoja arobaini ndipo msiba uhesabiwe umekwisha. Siku zile nilizokaa Bugomora niliona jinsi inavyofanyika: majirani walileta mikungu ya ndizi, maharage na kuni, na mama zangu wadogo hawakuachwa peke yao hata jioni moja. Arobaini ya nyumbani ni muda ambao jamii inamwambia mtu akae, na yenyewe inamlisha. Bandari zilichukua hesabu hiyo hiyo, zikaiwekea walinzi. Chakula kikawa shauri la mwenyewe aliyezuiliwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua.

*

Karagwe, ambayo wilaya yetu ya Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, ina kisa chake cha zamani cha mgonjwa aliyezuiliwa mpakani. Mwishoni mwa 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hawezi kutembea. Januari 1862 Speke aliendelea hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa, na Grant akabaki. Grant mwenyewe alieleza kwamba desturi ya Waganda haikuruhusu mgonjwa kuingizwa nchini mwao. Alikaa Karagwe hadi Aprili, na hata siku ya kuondoka alibebwa kwenye machela.

Hatujui kidonda kile kilikuwa cha nini, na huenda hakikuwa cha kuambukiza hata kidogo. Wala sidai kwamba Kabaka alikuwa na idara ya afya. Kuzuia wageni mpakani kulikuwa pia siasa. Kinachonivutia ni upande wa pili wa mpaka. Mtu aliyekataliwa na Buganda alikuwa na mwenyeji Karagwe. Rumanyika alimpa mahali pa kukaa, chakula na mazungumzo, na watu wake wakajaribu dawa walizokuwa nazo. Grant hakuwa na sababu ya kuficha mguu wake. Akiuonyesha, angebaki Karagwe, na Karagwe kulikuwa na ndizi, maziwa na mfalme mkarimu.

Speke kwa upande wake alikuwa ameshaona jinsi mambo yanavyokuwa pasipo mlango wala mwenyeji. Mwanzoni mwa 1859, yeye na Richard Burton, wakirudi kutoka safari ya Ziwa Tanganyika, walishuka kwa chombo pwani ya kusini hadi Kilwa. Kipindupindu kilikuwa kimepiga pwani ya Arabuni, kikafuata vyombo hadi Zanzibar na Pemba, kisha Kilwa. Burton aliandika kwamba walipoteza karibu mabaharia wao wote.

Kwenye jahazi hakuna pa kukimbilia. Maji ya kunywa yamo kwenye chombo kimoja, chakula kinapikwa kwenye jiko moja, wagonjwa na wazima wanalala pamoja juu ya shehena. Ndiyo maana watu waliofikiria kinga ya maradhi majini walianza na jambo moja: chombo kisikaribie kabla ya kujulikana kilichomo. Lakini miaka 10 baada ya Kilwa, kipindupindu kiliwacheka. Kilikuja mwaka 1869 kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka Pangani kikavuka kwa vyombo vidogo hadi Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar, James Christie, aliifuatilia njia hiyo kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara mmoja mmoja walipita wapi na waliona nini, na mwaka 1876 akachapisha kitabu. Alichofanya Christie kilitegemea kitu kimoja tu, kwamba watu walikubali kumwambia.

*

Ukifika Zanzibar mjini, mwenye boti atakupeleka Changuu kwa nusu saa. Watalii wanakiita Kisiwa cha Gereza na wanakwenda kuona kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jela ilijengwa kweli, baada ya Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza wa serikali ya Sultani, kukinunua kisiwa mwaka 1893. Ila haikuwahi kufunga mfungwa. Ikawa kituo cha karantini. Abiria walioshukiwa walishushwa pale, wakaangaliwa kwa wiki moja au mbili, ndipo wakaruhusiwa kuendelea.

Msimu wa kazi ulikuwa Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Miezi mingine kisiwa kilikuwa mahali pa watu kupumzikia. Mwaka 1931 jengo la jela lilikarabatiwa, na upande wa kusini-magharibi yakaongezwa majengo mapya yaliyoitwa bangaloo ya Wazungu.

Nilipokwenda huko kwa mara ya kwanza, nikiwa na daftari langu la utafiti, nilikaa muda mrefu nikiangalia umbali kati ya jela na bangaloo. Ni hatua chache. Bahari ni ile ile, upepo ni ule ule. Aliyepanga kisiwa kile alikuwa ameshaamua, kabla jahazi lolote halijatia nanga, nani alale kwenye nyumba na nani alale kwenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wafungwa.

Sasa mfikirie nahodha. Amebeba tende na samaki wakavu. Kaskazi ikiisha na kusi ikianza, inabidi awe ameshauza, ameshanunua na yuko tayari kurudi. Afisa wa bandari anasogea na mashua na kuuliza swali ambalo ndilo msingi wa kazi yote ile: kuna mgonjwa humu? Yupo baharia mmoja, kijana, tangu juzi anachemka. Nahodha akisema ndiyo, wote wanaenda jela isiyo na wafungwa. Akisema hapana, na Mungu akasaidia, jioni wako Malindi wanapakua.

Kanuni zimebadilika tangu hapo, lakini swali halijabadilika. Bendera ya njano, ambayo zamani ilihusishwa na chombo chenye maradhi, leo ikipandishwa mlingotini inasema kinyume chake: meli yangu ni nzima, naomba ruhusa ya kuingia. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, nahodha anaweza kutakiwa kujaza tamko la afya la chombo chake: je, kuna aliyekufa safarini, kuna mwenye homa, kuna aliyeharisha? Nchi inaweza kuwa na maabara, vipimajoto na wataalamu, lakini ulinzi wa kwanza bado ni karatasi iliyojazwa na mtu ambaye ukweli unaweza kumgharimu.

*

Wanafunzi wa historia hupenda kulinganisha visiwa viwili vilivyo karibu, na mfano mzuri kuliko yote uko mbali na kwetu, Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia ilisafiri kwa meli. Hata kwetu iliingia kwa bandari, Mombasa ikiwamo, kisha ikafuata reli kwenda bara. Tarehe 7 Novemba meli iitwayo Talune ilifika Apia, Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa. Haikuwekwa karantini. Katika majuma machache kiasi cha mtu mmoja kati ya watano walikufa. Ng'ambo tu ya mlangobahari, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer alifunga bandari, na wenyeji wenyewe wakalinda fukwe zao wasiruhusu mitumbwi kutua. Hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Mwaka 2002 New Zealand iliwaomba Wasamoa radhi.

Kwa hiyo sisemi karantini ni upuuzi. Kufunga bandari kuliokoa watu wengi, na atakayeniambia kwamba kuzuia meli ni ukatili tu nitamwonyesha makaburi ya Apia. Ila angalia ni nani aliyelinda fukwe za upande wa pili. Poyer peke yake na karatasi zake asingeweza kulinda kila ghuba. Watu walikubali, kwa sababu waliona kinacholindwa ni chao.

Na kuna wakati kuzuia chombo ndiko kunakoua. Mei 2015, watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijaa Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mkoani Kigoma, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Walifika makumi ya maelfu. Vyoo havikutosha, maji yaliyokuwapo ni ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameugua watu wapatao 3,000 na kufa 31. Barabara hakuna. Njia ilikuwa ni maji, na chombo kikubwa kilichokuwapo ni MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikaibuliwa na Waingereza.

Sheria ya Ragusa ingesema watu wale wakae hapo hapo hadi siku zao ziishe. Liemba iliwapakia, kama 600 kwa safari, ikawapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo wakasafirishwa hadi kambi ya Nyarugusu. Kule kulikuwa na maji safi na hema za matibabu. Kagunga ilipopungua watu, wagonjwa wapya nao wakapungua. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na anayerudishiwa maji mapema mara nyingi anapona. Kwa hiyo aliyesema "naharisha" alikuwa na cha kupata kwa kusema.

Miaka mitano baadaye, Februari 2020, dunia iliitazama meli ya kitalii Diamond Princess ikiwa imezuiliwa Yokohama, Japani, na watu 3,711 ndani. Abiria walifungiwa vyumbani. Wafanyakazi waliendelea kupika, kusambaza chakula na kulala pamoja kwenye vyumba vyao vya chini. Mwishowe waliopata korona walikuwa 712. Abiria walitengwa, lakini waliowahudumia walibaki kwenye jahazi la Kilwa.

*

Narudi kwenye meli yangu.

Nilikuwa daraja la tatu, kwenye viti vya pamoja. Dawa ilipoisha nguvu, kama saa sita usiku, baridi ilirudi kwa hasira. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akisafiri na mjukuu wake, mtoto wa miaka minne hivi. Alikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja cha plastiki.

"Mwanangu, unatetemeka," aliniambia. "Unaumwa?"

"Hapana mama, ni baridi ya ziwa tu."

Akanijazia kikombe. "Kunywa kwanza."

Nikanywa. Alipokipokea alikikung'uta, akamwaga chai nyingine humo humo, akampa mtoto. Niliona kila kitu. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu Kilwa, Apia na Changuu, na niliweza kueleza virusi vya Marburg vinakaa kwenye nini. Sikusema neno.

Asubuhi, Mwanza, nilikwenda kwenye zahanati ya kwanza niliyoiona. Nikatobolewa kidole, na baada ya robo saa kipimo kikaonyesha mistari miwili. Malaria. Nikalia pale kwenye benchi, na muuguzi akadhani naogopa dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio changu hakikuja, lakini hiyo ilikuwa bahati, na bahati haitegemewi kulinda meli. Tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa umekwisha, baada ya kuhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili. Nilisikia habari hiyo nikiwa maktaba. Niliwaza watu waliofikisha siku zao 21, waliokubali kuhesabiwa na kupimwa joto kila siku huku majirani wakiwatazama kwa mbali. Hao ndio waliotulinda mimi, yule mama na yule mtoto.

Nimejiuliza mara nyingi ingehitajika nini nami niseme. Sidhani kwamba kipimajoto kikali zaidi kingetosha. Ningetafuta dawa kali zaidi. Nadhani ingetosha kibao kidogo pale bandarini, chenye maneno machache: ukiwa na homa tuambie, utapimwa sasa hivi bure, utalala kitandani, utakula, na chuo chako tutakiandikia barua. Labda yote hayo yalikuwapo na mimi sikuuliza. Hofu haingoji kuuliza.

Pendekezo langu lilipita, na kwenye utafiti nimeongeza sura moja kuhusu kilichompata aliyejibu ndiyo: alilala wapi, alikula nini, nani alilipia siku zake. Bandari inayojua majibu ya maswali hayo ina haki ya kuuliza lile la kwanza.

Bandarini Bukoba muuguzi hakuniuliza kitu, alinielekezea tu kifaa. Safari ile yote, aliyeniuliza kama naumwa ni mtu mmoja, naye alikuwa ameshika kikombe cha chai ili anisaidie. Huyo ndiye niliyemdanganya.